Gari limetoka gereji haliwaki: maswali tunayoulizwa kila wiki

Simu za aina hii huanza na sentensi ileile: "Fundi, kabla halijaguswa lilikuwa linawaka vizuri kabisa." Mwenye gari huisema kama lalamiko. Sisi huipokea kama habari njema, maana ameshatupunguzia nusu ya kazi: tunajua pa kutafuta. Mifano mingi hapa chini ni ya Toyota, kuanzia IST na Probox za injini ya 1NZ-FE hadi Hiace na Land Cruiser za dizeli, kwa kuwa ndizo zinazotuletea mkate. Magari mengine yana tofauti zake, ila injini ni injini.

Gari liliingia gereji likiendeshwa, sasa haliwaki. Nianzie wapi?

Anzia palipopita mikono. Chukua karatasi, andika kila kilichofunguliwa, hata kama kimerudishwa kilevile. Watu huandika kilichobadilishwa tu, wakasahau vilivyosogezwa kando ili kupata njia. Kubadilisha stata ya gari dogo kunaweza kukulazimu kutoa betri, boksi la filta ya hewa, mpira wa hewa na soketi mbili tatu za waya. Chochote kati ya hivyo kinaweza kukulaza njaa, na stata yenyewe ikawa haina kosa.

Ukishaandika, washa tochi upite moja moja kwa mkono. Kuangalia kwa macho hakutoshi. Soketi za plastiki za magari yaliyokaa miaka 15 kwenye joto la injini huvunjika vibano vyake, kwa hiyo inakaa mahali pake kama nzima lakini imerudi nyuma milimita chache. Isukume mpaka isikike "tak", kisha ivute kidogo. Ikitoka, umepata mgonjwa wako. Zitazame pia pini za ndani: moja ikipinda wakati wa kuchomeka, hakuna kitakachoonekana kwa nje.

Na tafadhali, usikimbilie maduka ya Gerezani, hapa Dar, kununua spea siku ya kwanza. Tumewapokea watu wamebadilisha pampu ya mafuta, koili nne (za kuzalisha moto wa plagi) na betri kwa sababu ya waya mmoja uliosahaulika nyuma ya injini. Pampu ya mafuta haikuwa na taarifa kwamba gari linapelekwa kubadilishwa klachi hata iamue kufa siku hiyohiyo. Bahati mbaya za namna hiyo zipo, lakini zichunguze mwisho.

Fundi ananiuliza "haliwaki vipi?" Si haliwaki tu?

Hapana, na jibu lako hapo ndilo linaloamua tufungue nini. Geuza ufunguo, zima redio, sikiliza.

Kimya kabisa: umeme haufiki kwenye stata. "Tik" moja au "tiktiktik" ya haraka: umeme unafika lakini hauna nguvu. Injini inazunguka kwa uzito kama mzee anayepanda ngazi: betri, erthi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), au injini yenyewe imebana. Inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki: tafuta moto, mafuta, hewa na tamingi (ulinganifu wa wakati kati ya pistoni na valvu). Inazunguka haraka kupita kawaida, laini mno, bila ule mdundo wa kupanda na kushuka: silinda hazibani hewa, na hapo acha kupiga stata mara moja, soma swali la tamingi. Ikishika sekunde moja mbili ikazima, hilo nalo lina ukurasa wake hapa chini.

Ukitupigia simu, piga stata tusikie. Sekunde tano za sauti zinatufaa kuliko maelezo ya dakika kumi.

Nikigeuza ufunguo ni kimya, au inalia "tik" tu. Betri ni nzima.

Nani amesema ni nzima? Ipime. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa na kupumzika, husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6, haina nguvu hata kama taa za mbele zinang'aa. Gari lililokaa gereji wiki mbili mlango wazi na taa ya ndani ikiwaka humaliza betri bila mtu kujua.

Betri ikiwa sawa, angalia vibano vyake. Kibano kinachozungushika kwa mkono hakijakazwa. Halafu hakikisha gia ipo P. Jaribu na N pia. Kama ilifunguliwa gia boksi ya automatiki, swichi inayoliambia gari kwamba lipo P huenda imerudishwa imekaa upande. Gari likiwaka kwenye N likakataa kwenye P, umeshapata jibu. Kwenye manyua mengi kuna swichi ya pedali ya klachi inayofanya kazi hiyohiyo.

Baada ya hapo ni fyuzi na relei ya stata, kisha ule waya mwembamba unaochomekwa kwenye stata yenyewe. Huo husahaulika kuliko vyote, kwa sababu unachomekwa mwisho, chini, gizani, mikono ikiwa imeshachoka.

Tumeweka betri mpya lakini bado inazunguka kwa uzito.

Erthi. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusani na bodi kwa chuma. Lazima kuwe na waya mnene unaoiunganisha na bodi au na hasi ya betri. Injini au gia boksi ikishushwa, waya huo unafunguliwa. Ikipandishwa, unaning'inia huko nyuma.

Spacio moja ililetwa kwetu ikivutwa, imetoka kufungwa gia boksi. Kijana wetu alipopiga stata, kebo ya akselereta ilianza kutoa moshi, kava lake la plastiki likayeyuka mbele ya macho yetu. Umeme wa stata ulikuwa umekosa njia ya kurudi kwenye betri, ukachukua ile kebo nyembamba. Bolti moja ya erthi ilirudishwa, gari likawaka. Kebo tulilazimika kununua nyingine.

Huhitaji kusubiri moshi. Weka maltimita kwenye volti, waya mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini kisicho na rangi, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, erthi ni mbovu: imelegea, ina kutu, au imefungwa juu ya rangi mpya. Waliotoka kupiga rangi chumba cha injini, hili linawahusu sana.

Injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Nitajuaje kama ni moto au mafuta?

Kwanza tazama sindano ya mizunguko kwenye dashibodi wakati unapiga stata. Kwenye magari mengi itatikisika kidogo. Ikilala kabisa, shuku sensa ya kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Kompyuta isipoona kranki ikizunguka haitoi moto na haitoi mafuta, kwa hiyo utakosa vyote viwili na utababaika. Kwenye 1NZ-FE sensa hiyo ipo chini karibu na puli ya kranki, mahali ambapo kila anayefungua kava la cheni lazima asogeze waya wake.

Kupima moto: chomoa soketi za injekta zote ili petroli isiingie, toa koili moja, ivalishe plagi ya ziada, chuma cha plagi kigusishwe vizuri kwenye injini, mtu apige stata. Unatafuta cheche ya buluu inayolia. Usipige stata koili ikiwa haina plagi. Umeme wake utatafuta njia nyingine na unaweza kuiua. Na usishike kwa mkono mtupu ukidhani ni mambo ya bodaboda.

Kama moto upo lakini injini inapiga chafya kwenye bomba la hewa, angalia mpangilio. Mfuatano wa kuwaka kwa injini nyingi za Toyota za silinda nne ni 1-3-4-2, ukihesabu kutoka upande wa puli. Kwenye injini za zamani zenye distributa, waya mbili zikibadilishana nafasi zinatosha kuleta vurugu, na distributa iliyorudishwa nusu mzunguko itakunyima kabisa. Kwenye 1NZ koili zote nne zinafanana na soketi zake zinafanana. Urefu wa waya ndio msaada wako.

Plagi mpya nazo si za kuaminiwa kwa sababu ya upya wake. Ikianguka sakafuni ikapasuka kaure, ufa hauonekani na moto unapita pembeni. Sisi iliyoanguka hatuifungi.

Upande wa mafuta kuna mtego unaowagharimu watu fedha nyingi. Wengi wameambiwa wageuze ufunguo mpaka ON wasikilize pampu ikilia "ziii" chini ya siti ya nyuma, na isipolia wabadilishe. Toyota nyingi haziwashi pampu kwenye ON. Pampu huanza pale unapopiga stata. Kwa hiyo mtu asikilize nyuma wakati mwingine anapiga stata mbele. Ukiwa na geji, 1NZ-FE inatakiwa isome kama psi 44 hadi 50. Huna geji? Piga stata sekunde kumi, toa plagi, itazame. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, yanafika, na shida ipo kwenye moto au kwenye kubana hewa.

Usimwage petroli kwenye bomba la hewa kwa chupa ya maji ili "kuisaidia". Injini ikipiga chafya, moto unarudi kwenye chupa na chupa ipo mkononi mwako.

Sasa plagi zimelowa na nasikia harufu kali ya petroli.

Imemeza. Kanyaga akselereta hadi mwisho, piga stata sekunde kama nane bila kuachia mguu. Kwenye magari mengi ya injekta, kompyuta ikiona hivyo hukata mafuta na kuacha hewa ikaushe silinda. Ikikataa, toa plagi, zikaushe, piga stata mara mbili plagi zikiwa nje (fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa injekta na kompyuta, ikiwa imechomolewa), kisha rudisha. Pumzisha stata angalau nusu dakika kati ya jaribio na jaribio. Stata huungua kwa haraka ya mwenye gari.

Tumebadilisha mkanda au cheni ya tamingi, halafu ndiyo ikakataa.

Acha kupiga stata. Narudia kwa wale wa "jaribu tena kidogo": acha.

Kranki huzunguka mara mbili wakati kemshafti, shafti inayofungua valvu, inazunguka mara moja, na kazi ya mkanda au cheni ni kuhakikisha hesabu hiyo haikosewi hata jino moja. Jino moja likiruka, injini inaweza kuwaka kwa taabu na kutetemeka. Mawili au matatu, haiwaki. Yakizidi, kwenye injini nyingi valvu hukutana na pistoni. Injini kama 3S-FE na 5A-FE zinasamehe. Mkanda ukikatika valvu hazigusi pistoni. Land Cruiser yenye 1HZ haina msamaha huo, na dizeli kwa jumla hazina, kwa sababu nafasi iliyopo juu ya pistoni ni ndogo mno.

Hakiki hivi. Toa plagi zote ili injini iwe nyepesi. Weka spana kwenye bolti ya puli ya kranki, zungusha kwa mkono, kufuata upande injini inakozunguka, mizunguko miwili kamili. Ukihisi imegota chuma kwa chuma, simama. Usilazimishe, usiombe spana ndefu. Ikizunguka bila kugota, irudishe silinda namba 1 juu na ulinganishe alama zote: ya kranki na za kemshafti. Alama zikikaa sawa baada ya mizunguko miwili, tamingi ni nzuri. Zikikaa sawa kabla tu ya kuzungusha, haina maana. Mkanda uliolegea unaweza kukudanganya mpaka tensheni ikaze. Kwenye cheni, zitafute pingili zenye rangi na uziweke kwenye alama zake wakati wa kufunga, ila ukishazungusha injini usishangae rangi zikihama. Haziwezi kurudi pale haraka. Alama za gia ndizo zinazokuhusu kuanzia hapo.

Makosa tunayoyakuta mara nyingi ni mawili: tensheni ambayo pini yake haikuchomolewa, na fundi aliyelinganisha alama ya kava badala ya alama ya hedi.

Ikiwa stata ilishapigwa na sauti ikawa ile laini ya haraka, pima kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa) kabla ya kurekebisha chochote. Silinda zote zikiwa chini kwa kiwango kinachokaribiana, huenda ni tamingi tu. Silinda moja au mbili zikisoma sifuri, valvu zimepinda, na hedi itashuka.

Nimebadilisha hedi gasketi, sasa injini imegoma kabisa kuzunguka.

Maji. Hedi ikiinuliwa, kulanti humwagikia kwenye silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda ikakuta maji, inasimama, na mtu akiendelea kupiga stata au akisukuma gari, koni rodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Toa plagi zote, funika matundu kwa kitambaa, zungusha kwa mkono kwanza, kisha stata. Ukiona maji yameruka, umeponea chupuchupu. Weka oili mpya pia, kwa maana yaliyopita kwenye ringi yapo chini kwenye karta, bakuli la oili.

Uso usikae juu ya matundu ya plagi. Petroli, maji na oili vinatoka hapo kwa nguvu.

Ni overholi kamili: ringi mpya, beringi mpya, hedi imesagwa valvu. Haiwaki.

Kuna jambo hapa ambalo hata mafundi wazuri hupitiwa. Valvu zikisagwa na viti vyake kukatwa, valvu inazama ndani zaidi ya hedi, kwa hiyo shina lake linapanda juu. Nafasi iliyokuwepo kati ya kemu na tapeti, kikombe kinachosukuma valvu, inaliwa. Ikiisha, valvu haifungi kabisa hata kemu ikiwa imegeuka, na kompresheni inapotea yote. Kwenye 1NZ-FE nafasi hiyo injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosi. Injini hiyo haina tapeti za oili za kujirekebisha. Unachagua tapeti kwa unene wake. Mchongaji hedi hatakufanyia hilo usipomwambia, na ukimuuliza atasema kazi yake ilikuwa kusaga.

Pima kompresheni ukiwa na betri yenye nguvu, plagi zote nje, akselereta imekanyagwa hadi mwisho. Injini nzima ya petroli mara nyingi husoma kati ya psi 150 na 210. Chini ya 100 usitarajie mengi. Baada ya kufunga ringi mpya, silinda zinaweza kuwa kavu mno kwa sababu petroli imeosha oili yote: tia kijiko kimoja cha oili kwenye kila silinda, pima tena. Ikipanda sana, ni ringi tu hazijakaa, jaribu kuiwasha. Isipopanda, rudi kwenye valvu.

Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, chomoa fyuzi ya EFI na upige stata kwa vipindi vifupi, plagi zikiwa nje, mpaka taa ya oili izime. Beringi mpya zisianze maisha zikisugua chuma kikavu.

Inawaka sekunde mbili, inazima. Kila mara.

Tazama taa ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Kama inapepesa wakati ufunguo upo ON, gari haliutambui ufunguo. Hutokea sana kwa wanaobadilisha kompyuta ya gari, au wanaochonga ufunguo usio na chipu yake. Kompyuta ya mtumba inakuja na kumbukumbu ya ufunguo wa gari jingine. Lazima isajiliwe upya na mtu mwenye mashine.

Kwetu kuna mshukiwa mwingine ambaye vitabu vya kiwandani havimtaji: alamu na vifaa vya kufuatilia gari vilivyofungwa mitaani. Vingi vina relei iliyokatwa kwenye waya wa pampu ya mafuta. Betri ikichomolewa wakati wa matengenezo, kifaa kinadhani kuna wizi. Muulize mwenye gari kama lina kifaa hicho, hasa likiwa la mkopo au lilikuwa la kampuni, kabla hujaanza kufuata waya usiku kucha.

Vyote hivyo vikiwa sawa, angalia mpira mkubwa wa hewa kati ya boksi la filta na throto, mlango wa hewa wa injini. Ukiachwa wazi au sensa ya hewa ikiwa haijachomekwa, kompyuta haijui hewa kiasi gani imeingia. Injini inashika, inakosa hesabu, inakufa. Mipira midogo ya vakyumu iliyochomoka nayo huleta hivyohivyo.

Nimebadilisha filta ya dizeli tu. Sasa Hiace haiwaki.

Imeingia eya. Dizeli haina plagi ya kuwasha; inategemea mafuta yasukumwe kwa shinikizo, na hewa ikiwepo kwenye mfumo inabanwa yenyewe badala ya kusukuma mafuta.

Kwa injini za pampu ya kawaida, kama 2L, 3L, 5L na 1HZ: piga ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Isipokuwa ngumu, kuna mahali inavuta hewa. Angalia raba ya filta, labda zimekaa mbili, ya zamani imebaki imeng'ang'ania juu. Ikiwa ngumu na bado haiwaki, legeza kidogo nati za nozo, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Geuza pia ufunguo ON usikilize solenoidi ya kwenye pampu ikisema "tik". Waya wake ukichomoka, mafuta hayapiti hata upige stata mpaka kesho.

Kwa injini za komoni reli (bomba moja la shinikizo kubwa linalogawia nozo zote), kama D-4D, usilegeze bomba la shinikizo. Humo shinikizo linapita baa 1,000, na dizeli inayotoka hapo hupenya ngozi. Tumia pampu ya mkono tu, uwe na subira.

Ikiwa upo Makete au Njombe na ni alfajiri, pima hita plagi, zile za kupasha silinda joto, kabla ya kulaumu filta. Injini iliyochoka huwaka bila hita hapa Dar, kule juu haitakubali.

Nisukume?

Automatiki, hapana, haitawaka hata msukume mpaka Kibaha. Manyua, ndiyo, pale tu shida ni betri. Usisukume kama tamingi ilifunguliwa au kama kuna shaka ya maji kwenye silinda.

Injini ilioshwa kwa maji ya presha.

Toa koili, kausha mashimo ya plagi kwa hewa, kausha soketi. Subiri jua. Siku hiyo usinunue kitu.

Mashine ya kusoma kompyuta si itasema tatizo moja kwa moja?

Itasema pa kuangalia. P0335 inahusu saketi ya sensa ya kranki, P0340 ya kemshafti, na P0016 inasema kranki na kemshafti hazikubaliani, ambayo baada ya kazi ya cheni ni karibu sawa na kukutajia jino lililoruka. Lakini P0335 haisemi "badilisha sensa". Inaweza kuwa waya, soketi, au sensa nzima ambayo haikuchomekwa. Na kuna mambo mashine haiyaoni kabisa: tapeti zilizobana, petroli iliyochanganywa na maji, erthi iliyosahaulika. Ukipewa karatasi ya kodi (namba za makosa) ishirini, uliza zipi zilijitokeza tena baada ya kufutwa. Nyingine ni za wakati fundi alipokuwa amechomoa soketi huku ufunguo upo ON.

Fundi anasema tatizo ni jipya, nilipe tena. Ni haki?

Inategemea anachokuonyesha. Kwetu, kosa likiwa kwenye tulichogusa, mwenye gari halipi ufundi. Likiwa kwingine, tunamwita aone kwa macho: geji inasoma ngapi, waya umekatikia wapi. Fundi asiyeweza kukuonyesha, anayesema tu "pampu imekufa, toa hela", mwombe aitoe pampu aiwashe kwenye betri mbele yako. Dai spea zako za zamani kila mara, hata za buku mbili. Na piga picha chumba cha injini kabla hujaacha gari. Picha hizo zimetusaidia sisi wenyewe kujua waya ulipita wapi.

Moto upo, mafuta yapo, kompresheni ipo, tamingi sawa. Siku ya tatu hii.

Imebaki hewa: inaingia, na inatoka? Ekzosi iliyoziba, hasa katalisti iliyobomoka ndani, huacha injini ikizunguka bila kushika. Legeza sensa ya oksijeni ya mbele upige stata. Ikiwaka kwa kelele, umelijua.

Upande wa kuingia nitasimulia la kwetu. Probox ya mzee mmoja mstaafu ilikuja kubadilishiwa gasketi ya manifoldi. Kazi ya asubuhi moja. Tulipofunga, ikakataa. Tulipima kila kitu nilichokiandika humu, tukabadilishana koili na gari jingine, tukapima petroli mara tatu. Siku ya pili jioni kijana mmoja akaweka kiganja kwenye mdomo wa throto wakati wa stata, akasema, "Fundi, haivuti." Tulishusha manifoldi tena. Ndani, kimejikunja kwenye koo la hewa, kulikuwa na kitambaa cha bluu nilichokisokomeza mimi mwenyewe asubuhi ya kwanza ili nati zisidumbukie.

Iliwaka kwa jaribio moja. Mzee hakugomba. Aliomba apewe kile kitambaa, akakikung'uta, na mpaka leo akija kubadilisha oili anakuwa nacho, anafutia kioo cha mbele huku akitutazama.